Tundu la Mkia

Kwanza alikuwa wino.
Anaeli alimchora nyuma ya stakabadhi za kahawa,
vibonzo vinne kila Jumamosi,
katika gazeti la usharika lililomkubali shingo upande:
Irimu ashukaye kutoka migombani
akawa karani wa mizani,
akawa bibi harusi, akawa mpiga picha za pasi.
Kila sura timilifu,
ila mkia: mstari mmoja wa wino
uliochungulia chini ya koti.
Tuliutafuta kwa kidole
kabla hatujasoma neno.

Halafu akaingia redioni,
na redio haina mkia.
Walikesha Njoro katika chumba
kilichoegeshwa magodoro ukutani,
wakiulizana: asiyeonekana atajibadilishaje?
Ndelilio, kuli wa stesheni, akasema,
nipeni maji.
Akapiga funda kabla ya kila sentensi.
Awe padri, awe mkunga, awe mama mkwe,
kwanza koo: gulu.
Kisha, "Hamjambo wanangu?"
Mwaka ule Moshi nzima iliogopa wanywa maji.
Baba alikunywa mezani,
mdogo wangu akaangua kilio.

Mimi niliingia kwenye sura ya tatu.
Elisifa alipata kamera, hakupata fedha.
Akaja kibandani kwangu Kiboriloni,
akasimama mbele ya cherehani:
Nishonee mtu ambaye si mtu.
Nikapekua marobota,
nikaibuka na koti la kafa Ulaya,
kijivu, bitana yake bado inanukia tumbaku ya mwenyewe.
Nyuma, chini ya mshono wa kati, nikakata tundu,
nikalizungushia pindo la uzi mwekundu,
maana mkia ulikuwa umerudi:
mpira wa baiskeli uliovikwa ngozi ya kondoo.

Ndelilio akalivaa.
Kumbe sauti ile nene ilikaa kwa mtu mfupi;
nikapunguza mikono inchi nne.
Watu wakanung'unika ukumbini.
Wa redio alikuwa mrefu!
Wa gazetini hakuwa na ndevu!
Huyu ni nani?

Filamu ya pili, mkia ukakatwa na bajeti.
Akajulikana kwa macho mekundu.
Ya tatu, macho yakawa meupe,
lakini hawezi kuvuka mfereji.
Ya nne akavuka mfereji mara mbili,
mara ya pili akiwa mbuzi.
Nikamuuliza Elisifa, huyu aliacha lini kunywa maji?
Akacheka mpaka akakohoa:
Mama, tumebahatika. Ni kigeugeu.
Kila kosa letu ni sifa yake.

Sasa ni katuni, yumo simuni.
Mjukuu wangu Aikande anamtazama chini ya blanketi.
Anageuka kama maziwa yanavyomiminwa,
mwalimu, paka, mwalimu tena,
hana mkia, hana koo, hana mfereji.
Utamjuaje? nikauliza.
Bibi, hajulikani. Ndiyo utamu wake.

Sikumjibu.
Nilitaka kumwambia kwamba wa kwetu
alikuja kutula, naam,
lakini aliacha mlango wazi kidogo nyuma yake,
upana wa kidole.

Ndelilio tulimzika Mwika, mvua za vuli,
jeneza fupi kuliko walivyotarajia waombolezaji
waliomjua kwa sauti.

Na jana, Memorial, kwenye kamba ya makoti,
kijivu.
Kijana akaona nimesimama.
Chukua mama, zima hili,
kasoro hapo nyuma tu, panya.
Nikapitisha kidole.
Pindo. Uzi mwekundu umefifia, umekuwa rangi ya ufizi.
Si panya, nikamwambia. Bei gani?

Akalitazama koti, akanitazama mimi.
Akainama, akaokota chupa yake ya maji,
akapiga funda moja refu
kabla ya kutaja bei.