Vichwa

Mkia huenda Nyali, hotelini,
umemenywa, umepangwa juu ya barafu kama vidole vya mtoto.
Vichwa hurudi nami Mikindani
ndani ya kopo la rangi.
Navitwanga, nachuja, natia tui.
Dzame hulamba mwiko mpaka unang'aa.

Mwezi wa Shaabani alikuja kijana wa maabara, Tsofa,
viatu vyote tope la mikoko.
Kamba wa bwawani, chupa moja.
Kamba wa baharini, chupa ya pili.
Akalipa bei ya kilo. Nikamcheka:
kununua kamba usiwale!

Jana karudi na karatasi.
"Wa bwawani wana risasi. Wa baharini nao.
Mkia una nafuu, mama.
Kichwani ndiko ilikolala."

Risasi.
Neno hilo nilidhani nalijua:
lina mlio, lina watu mbio,
lina askari wa kuulizwa.
Hii imepita kwa kijiko,
jioni baada ya jioni,
na mimi mwenyewe nikihimiza:
kunywa, mwanangu, kuna nguvu.

Kopo liko mlangoni, limejaa.
Paka amelinusa, akaketi kungoja.
Jiko sijawasha.
Dzame ashashika mwiko.