Silinda ya Saba

Nimezipanga mezani jikoni
katika trei ya mayai, matundu kumi na mawili:
nane yana plagi, manne yana hewa.
Nje, theluji ya Machi imegoma kuhama Lorain.

Baba alinifunza kusoma mara mbili,
kwanza gazeti, kisha plagi.
"Loretta, huu ndio ulimi wa injini.
Daktari humwambia mgonjwa autoe. Nawe fanya hivyo."
Wa kahawia, kama chai ya maziwa: mzima huyo.
Mweupe wenye vipele: anaungua ndani kwa ndani.
Mweusi mkavu, masizi ya sufuria: anakula petroli asiyoimaliza.
Mweusi wa kulowa,
hapo vuta kiti, mwanangu. Hiyo ni oili.

Hizi zote ni nyeusi kavu, isipokuwa moja.
Ya silinda ya saba, ile ya nyuma kabisa upande wa usukani,
ambako spana haifiki mpaka ikuchune vidole,
imelowa, inang'aa
kama jicho lililotoka kulia sasa hivi.

Dukani kwa Pacholski nilikuta hita na mbwa.
"Chukua za iridi," akasema, "utazisahau miaka kumi."
Sikuja kununua kusahau.
"Za platini, basi."
Za shaba, nikamwambia. Koili ni ile ile ya mwaka sitini na tisa,
tusiidai nguvu za ujana.
"Haya. Za moto au za baridi?"

Nikanyamaza.

Za baba zilikuwa baridi, baridi kabisa.
Kila Jumamosi, kwenye uwanja wa ndege uliofungwa,
robo maili, mguu sakafuni, kola imefungwa mpaka juu.
Plagi baridi huutema moto upesi;
ni ya mtu anayeiomba injini kila ilicho nacho.
Mimi naiomba nini?
Mkate. Miadi ya macho ya mama.
Taa nyekundu, na nyingine, na nyingine,
na mara moja kwa mwaka, kilima cha makaburi, gia ya pili.

Plagi haichaguliwi kwa jina la gari.
Huchaguliwa kwa mwendo wa mwenye usukani,
na mwenye usukani amebadilika.
Miaka mitatu nimekuwa nikimnunulia marehemu.

"Za moto," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.
Pacholski akashusha miwani, akageuza kasha:
kwa kampuni hii namba ikipanda joto hupanda,
kwa ile ya rafu ya pili hushuka.
Watu wazima, wakashindwa kuelewana.
"Saba za hizi," nikasema, "na moja ya moto zaidi."
Akaniangalia.
"Ya saba?"
"Ya saba."
"Ringi zile," akasema. "Emil alijua. Hakutaka kuifungua."
Ile moja hakunitoza.

Geji ya waya: thelathini na tano za elfu ya inchi.
Pengo likibana, cheche haina pa kuruka;
likipanuka, inafika katikati na kukata tamaa.
Nikazikaza kwa vidole kwanza, hesi kwa hesi,
ya saba kwa kuotea, shavu langu kwenye chuma baridi.
Kisha nyaya, kwa mpangilio alioutamka baba
mezani, mahali pa sala:
moja, nane, nne, tatu,
sita, tano, saba, mbili.

Injini ikakohoa. Ikakataa. Ikakohoa tena.
Sauti saba zikashikana,
na ile ya nane ikachelewa,
kama shemeji wa mbali anayekuta watu wameanza kula,
akavuta kiti, akanawa, akaanza.

Mama akafungua dirisha la jikoni, mikono ina unga.
Alisikiliza kitambo.
"Huo si mlio wake," akasema.
Ndiyo, mama.
Si wake.