Jumamosi, Kayenze

Ng'wandu ananisimamia:
mbona waifungua, na ni nzima?
Simjibu. Namwaga oili,
nyeusi, chai ya msibani.

Chujio la hewa limejaa visubi,
wingu zima la juzi ziwani;
nalikung'uta, wanaruka mara ya pili.

Mnyororoni, mchanga wa dagaa.
Kwenye breki, gamba la sangara,
pana kuliko kucha yangu.

Matairi manne, pumzi nne.
La nyuma kushoto ni rongo:
naitemea mate valvu, nangoja povu.
Haya, leo limesema kweli.

Grisi. Plagi. Kaza, kisha legeza robo.

Bado kasimama na swali lake.

Usiku ule wa matope,
mkewe na uchungu juu ya kiti,
iliitika ufunguo wa kwanza.
Hakuuliza.