Tundu la Kumi na Saba

Saa nane usiku, Valdivia. Mvua ya Julai
haibishi hodi, inaingia.
Nimepiga magoti mbele ya kabati la nyaya,
ghorofa ya pili, juu ya duka la kuni,
tochi nimeing'ata menoni,
soksi zimelowa.

Hortensia Catrileo amenipigia mara tatu wiki hii.
"Don Rosamel, watu wanakatika."
Hakusema simu. Alisema watu.
Kazi yake ni kupokea waliochoka kuishi,
usiku kucha, sweta lisilokwisha mapajani.
Juzi kijana mmoja wa Corral alimwambia
"Nataka ku—"
kisha kimya,
kisha "—kesho."
Neno lilianguka katikati.
Ameliandika daftarini vilevile,
mstari mrefu mahali lilipokuwa.

Mimi najua lilikoanguka.
Simu yake imechomekwa ukutani,
kompyuta imechomekwa mgongoni mwa simu,
waya mmoja wa buluu kwa wote wawili,
na swichi yenyewe tunagawana na duka
kwa sababu ya kodi.
Kila usiku, saa saba na nusu,
kamera za chini humwaga walichokiona mchana:
magogo, magogo, paka, magogo.
Mwenye kelele hana neno, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba ndiye anayepita kwanza.

Picha ikipotea njiani, hutumwa tena.
Sauti haitumwi tena.
Ni vipande hamsini kwa sekunde,
na kinachochelewa ni maiti:
kikifika, msemaji ameshavuka
yuko kwenye pumzi nyingine.

Basi naandika. Tundu la kumi na saba:
kompyuta ikae mtandao wa kumi, bila lebo,
kama ilivyozaliwa;
simu ikae wa ishirini,
kila fremu na lebo yake shingoni.
Ikisema mimi ni arobaini na sita, iaminiwe.
Foleni ya mbele iachwe wazi
kama ushoroba wa machela.
Magogo yasubiri. Magogo yamezoea kusubiri.
Fahali wawili, zizi moja, na katikati yao
ukuta wa tarakimu ambao hata panya hataujua.

Simu inazima. Inawaka.
Inaiuliza swichi: mimi ni wa wapi?
Swichi inajibu: wa ishirini.
Hakuna aliyejibiwa upesi hivyo usiku huu.

Kupitia ukuta wa mbao namsikia Hortensia:
nipo, endelea, nipo.
Upande wa pili siusikii, wala si kazi yangu.
Nasikia tu kwamba hasemi tena
"samahani, rudia."

Nikaenda kulala.
Saa kumi na moja umeme ukakatika mtaa mzima,
ukarudi, friji ikakohoa,
na mimi, blanketi mpaka kidevuni,
nikakumbuka:
sikuhifadhi.

Kule juu swichi imeamka haijui lolote.
Kumi, kumi, kumi, wote kundi moja,
lebo zimefutika,
kazi yangu nzima ilikuwa maneno ya mdomoni.

Nikakimbia na suruali ya kulalia chini ya koti,
nikapita soko la samaki lililofungwa,
simba bahari wamelala kando ya mto
kama magunia yaliyoshushwa vibaya,
moshi wa majiko umeinama kwa uzito wa maji.
Nikaandika yote upya, mstari kwa mstari,
na mwisho lile neno moja dogo
ambalo fundi wa miaka ishirini na mitatu
alilisahau kama mwanafunzi.
Hifadhi.
Nikalisoma mara mbili kwa sauti.

Mlango wa Hortensia ulikuwa wazi.
Daftari liko mezani, ukurasa uleule,
mstari mrefu ungali hauna neno.
"Amepiga tena?" nikamuuliza.
Akatikisa kichwa, akavuta uzi wa sweta.
Ndipo simu ikaita.
Akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

Nikavua viatu, nikavishika mkononi,
nikashuka ngazi polepole.