Betri Sita

Kipaza sauti hiki, Mbambu, ulikikopa kwaya ya Kilembe
ukaahidi kukirudisha Jumapili.
Jumapili ngapi? Niliacha kuhesabu,
na mwalimu wa kwaya aliyekuwa akiniuliza
tulishamzika.

Kilikula betri sita kwa mkupuo.
Mbili zangu, moja ya Bwambale,
tatu ulizichomoa kwenye redio ya baba yako
naye akakosa taarifa ya usiku,
akadhani nchi ndiyo iliyonyamaza.
Kilipokatika katikati ya neno
ulikigonga ubavu wa kushoto, kofi moja,
kikaamka kimekasirika.

Mwaka ule Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama ng'ombe.
Ulipita wodini ukachukua magodoro,
ukaacha tope la mgodi, la kijani, kwenye mihogo yetu.
Tukafua shuka la mama yako,
tukaandika kwa rangi ya milango:
MTO HAUNA CHAMA.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi,
ukaikunja chini, ikakaa kama mkia wa mbuzi.

Polisi walituhifadhi siku mbili.
"Suala lenu linashughulikiwa," alisema mkubwa wao
huku akitafuta funguo.
Mle ndani ulinifundisha kuandika malalamiko:
anza na tarehe, ulisema,
kisha hesabu walichopoteza, sufuria kwa sufuria,
wasipate pa kusema hawakuelewa.
Tuliandika nyuma ya makaratasi ya sabuni.
Sufuria mia tatu na kumi na mbili.
Mbuzi arobaini. Cherehani moja, ya Mama Kabugho,
uliyoiandika peke yake, kwenye mstari wake.

Halafu miaka. Halafu mabango yenye uso wako
na watu wakikuomba chumvi, ada, jeneza.
Nilikuwa wakala wako kituo cha shule ya msingi,
kura zikahesabiwa kwa tochi ya simu yangu
hadi simu ikazima.
Ulishinda kwa kura mia moja na tisa.
Nililia, usiku ule. Sijawahi kukwambia.

Sasa natengeneza redio hapa Kasese, karibu na soko,
na sauti yako hunijia ikitokea Kampala
katika redio za watu wengine.
Jana ilikuwa kwenye redio ya mchoma mahindi,
nyaya zikiwa nje kama utumbo.
Ulizungumzia mto.
"Suala hili," ulisema, "linashughulikiwa."
Nilizima. Nikawasha tena.
Labda redio ilikuwa bado mbovu.

Leo asubuhi amekuja binti, Ithungu, ana miaka kumi na saba,
shuka kwapani.
Akakiona kipaza sauti rafuni, akauliza bei.
Nikalisoma shuka lake likiwa kichwa chini:
jina lako, Mbambu, na cheo chako chote.
Herufi zimetosha. Huyu alipima kwanza.

Nimelehemu waya. Sikuchukua pesa.
Betri mbili nimempa mimi, kama mwanzo,
nne atachanga na wenzake.

Ijumaa ukiwa ofisini kwako huku jimboni
utasikia kelele dirishani. Usiulize nani kawatuma.
Na kikikatika katikati ya jina lako
toka nje, umwonyeshe pa kugonga.
Ubavu wa kushoto.
Mimi sikumwambia.