Inchi Ishirini na Sita

Saa kumi na moja alfajiri, jikoni, Buffalo.
Theluji imeegemea dirisha
kama mtu anayesoma juu ya bega langu.
Nina kadi mia mbili na arobaini
nimezifunga kwa mpira wa bluu uliokuja na brokoli.

Njia ya kiti cha magurudumu: panda moja, nenda kumi na mbili.
Jua la Desemba: liko chini, linafika hadi ukuta wa nyuma.
Maji: yafukuze mbali na msingi.
Upepo: huku kwetu hutoka ziwani
na haubishi hodi.

Miaka kumi na moja nachora.
Ngazi za zahanati ya Lackawanna ni zangu,
na lile dirisha refu la maktaba, ambapo maharusi hupigia picha.
Muhuri ni wa Bwana Pfohl.
Mimi nimo kwenye kona ya karatasi, herufi mbili,
H.W.,
ndogo kama nzi aliyetua akasahaulika.

Mtihani huu umeshaniangusha mara mbili.
Mara ya kwanza nililaumu saa.
Mara ya pili sikulaumu kitu,
niliosha sufuria zote, hata zilizokuwa safi.

Jioni Bronia ananihoji. Ana miaka tisa
na sauti ya hakimu aliyekosa chakula cha mchana.
"Ukuta unaobeba?"
"Usiuguse kabla hujapata cha kushika kilicho juu."
"Kadi haikusema hivyo."
"Kadi haina dari."

"Upana wa mlango, mtu wa kiti cha magurudumu?"
"Inchi thelathini na mbili," nikamkata kauli.
Hakugeuza kadi.
Alikuwa akitazama ukumbini,
ambako mama yangu, Genowefa, alikuwa anaingia bafuni
kwa namna yake: kiti kinabaki nje,
anashika fremu, anashika sinki, anashika Mungu.
"Na wetu?"

Nikachukua tepu.
Ishirini na sita.
Usawa wa ngumi, rangi ya fremu ilikuwa imechubuka pande zote mbili,
na mimi nilishaipaka upya, msimu baada ya msimu,
nikidhani ni uzee wa mbao.
Kinyozi hajinyoi, sawa,
ila kichwa hiki hakikuwa changu.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Mtihani Jumanne.
Kadi mia na saba sikuzirudia tena.
Chini ya plasta nilikuta gazeti la Kipolandi
limesokotwa kuziba baridi ya watu waliokwisha kufa,
na ukuta, bila shaka, unabeba.
Nikasimamisha nguzo za muda. Nikakata.
Nikaweka linta, mbao mbili mgongo kwa mgongo,
nene kama kadi ya tisini na nne inavyotaka,
kisha nene kidogo zaidi, kama baba angetaka.
Dari ililia mara moja.
Ikanyamaza.

Jumanne walinivua saa, wakakagua miwani,
wakaangalia mifuko. Vumbi la plasta kwenye kucha
hawakulikataza.
Walinipa kiwanja kisichopo,
mteremko usiowahi kunyeshewa hata tone.
Nikaligeuza jengo liupe upepo kisogo.
Nikatafutia magari mahali.
Mengine niliyajua; mawili nilibahatisha;
na kwa moja kidole kilibaki hewani mpaka muda ukaisha.

Majibu bado.

Nyumbani fremu haijapakwa rangi, mlango wenyewe haujafika,
tumetundika shuka ya maua.
Leo asubuhi Mama aliingia na kiti chake chote,
mikono mapajani, kama malkia mwenye soksi za sufu.
Tulisubiri nje, mimi na Bronia, hatupumui.
Maji yakatiririka. Yakakoma.
Kisha sauti yake, nyuma ya maua:
"Halina, na hii sinki,
nani aliiweka juu hivi?"

Bronia anatafuta kalamu.