Mashine Namba Saba

Agosti, mjini Slough. Duka letu la kufulia linanguruma tangu alfajiri:
mashuka ya hoteli za uwanja wa ndege, magunia kumi na moja,
na Appa anayasukuma kwa goti
kama mtu asukumaye ng'ombe mkaidi.
Ndege inapita juu ya paa. Kioo kinatetema.
Inapita nyingine.

Kavin, miaka kumi, amekaa juu ya mashine namba saba,
ile inayomeza sarafu isirudishe,
na mimi nimeshika kitabu cha mazoezi,
kile kile nilichokijaza mimi zamani.
Nimekifuta kwa raba jana usiku,
lakini penseli haifutiki yote:
ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga
utayaona majibu yangu ya miaka sita iliyopita,
yaliyo sahihi,
na yale mengine.

"Kisawe cha huzuni."
"Majonzi."
"Kingine."
"Simanzi. Jitimai." Kisigino chake kinapiga bati, kwa maringo.
"Haraka?"
"Upesi. Hima. Chapuchapu."
"Hicho cha mwisho hakimo kitabuni."
"Kimo duniani," anasema,
na sina la kumjibu.

"Kushindwa?"
"Kufeli. Kuanguka. Ku..."
Ananyamaza. Ananitazama kidogo,
kisha anatazama nguo zinavyozunguka.

Niliikosa shule ile ya ng'ambo ya reli kwa alama tatu.
Bahasha ilikuja siku ya mvua; Amma aliifungua kwa kisu cha siagi.
Appa akafuta mikono, akasoma, akasema: "Si neno."
Lilikuwa neno, Appa.
Nalikumbuka hadi leo: *adimu*.
Wakanipa *nadra*, wakanipa *adili*, wakanipa *hadimu*,
nami, saa ikinikimbiza, nikapiga mstari chini ya *hadimu*,
kwa sababu lilifanana nalo kama ndugu,
na hakuna aliyekuwa ameniambia
kwamba ndugu si lazima wawe na maana moja.

"Twende kwenye ulinganisho. Glavu kwa mkono,
kama soksi kwa nini?"
"Kwa mashine namba saba."
"Kavin."
"Ni kweli! Inazila!"
Bi Wieczorek, aliyekuja kuchukua blanketi lake,
anacheka mpaka anashika ubavu,
halafu anageukia lile kapu la soksi zisizo na wenzake,
anachagua mbili, ya kijivu na ya kijivu zaidi,
anasema zitafaa, nani atachungulia ndani ya buti?
Namwandikia Kavin jibu: *mguu*.
Moyoni nampa alama ya Bi Wieczorek pia.

"Sasa mimi nikuulize wewe," anasema.
"Akka kwa Kavin, kama nini kwa nini?"
Nafikiria kivuli, nafikiria ngazi,
nafikiria upuuzi mwingine wa aina hiyo.
"Sijui. Nipe machaguo."
"Hakuna machaguo.
Kama ukurasa wa juu kwa ukurasa wa chini,
ukiwa umekandamiza sana penseli."

Nafunua nyuma ya kitabu kutafuta kama amepata.
Kurasa za majibu hazipo. Amma alizikata kwa mkasi
nilipokuwa na umri wake, nisije nikaiba,
akazificha, akasahau alikozificha.

Kengele ya kikaushio inalia. Appa anaita.
Tunasimama na shuka la hoteli katikati yetu,
jeupe, la moto, pembe mbili zangu, pembe mbili zake,
tunasogeleana, tunarudi nyuma, tunasogeleana.
Zimebaki wiki tano.
"Kinyume cha *kunja*?"
"Kunjua!" anasema, na makusudi kabisa
anaziachia pembe zake.
Shuka linalala sakafuni, kwenye sabuni iliyomwagika.
Appa anafoka kwa Kitamil, maneno sita au saba
ambayo yote, kwa kadiri nijuavyo,
ni visawe.